Gobori Lililomeza Kavu

Jumapili, 9 Septemba

Sanduku la Hobart limefika. Tangu jana analizunguka na kiti chake cha magurudumu kama paka na bakuli la maziwa, na leo tulipotoka tu kanisani, hata kofia sijavua, akataka nilifungue juu ya meza ya jikoni. Nimelifungua. Ndani mna mtutu uliojaa grisi, kitako cha mbao kilichochongwa nusunusu, mtambo, vipande vya shaba na mfuko wa skrubu.

"Hii ndiyo bunduki?" nikamwuliza.

"Itakuwa bunduki. Gobori la kushindilia, kama la babu zangu."

"Itaundwa na nani?"

Akanitazama mikono.

Mkono wake wa kulia umekufa tangu kiharusi, unalala pajani kama wa mtu mwingine. Basi fundi ni mimi, mwanamke niliyewapikia watoto wa shule maisha yangu yote, na chombo kikali nilichozoea ni kisu cha viazi. Bunduki zote za nyumba hii ziliondoka mwezi wa Machi begani mwa mwanetu Clovis, akaziuza, zikageuka vidonge vya kulevya. Nikamwambia Hobart hata hili litazifuata. Akacheka. "Mwizi gani ataiba kuni na bomba, Tressie?"

Alhamisi, 13 Septemba

Nimepiga tupa kutwa. Mkate wa mahindi umenuka chuma.

Jumamosi, 15 Septemba

Tumegombana. Eti napiga tupa kama mtu anayeparua samaki. "Sukuma mbele, inua, rudi! Unaisugua kama sufuria!" Nikamwambia akinipigia tena kelele nitaitia tupa hiyo mahali ambapo kiharusi hakikufika. Alicheka mpaka akakohoa vumbi la makaa ya mgodini. Sijamsikia akicheka hivyo tangu augue, na moyo wangu ulifurahi.

Jumatano, 19 Septemba

Mvua bondeni kote. Mtutu bado haujakaa kwenye mbao. Naupaka masizi, naubonyeza, nauondoa, na pale masizi yalipogusa ndipo ninapochonga, unyoya kwa unyoya. Hobart anasema mwenye haraka hupasua kitako, na kitako kilichopasuka ni kuni.

Jumanne, 25 Septemba

Clovis amekuja kula. Amekonda hadi suruali imefungwa kwa kamba, na ana umri wa miaka thelathini na nne. Akaviona vile vyuma mezani.

"Wazee mmeanza kucheza vidoli?"

"Kula chakula chako," baba yake akamwambia.

Alikula sahani tatu za maharage na viazi vya kukaanga. Kisha akaomba vidonge vya maumivu vya baba yake, "viwili tu, Mama, mgongo unaniua." Hobart akasema hapana. Clovis alipokuwa akitoka alimpiga mbwa teke la mbavu lililomtupa chini ya ngazi. Mbwa amelala chini ya nyumba mpaka sasa, hataki kutoka.

Ijumaa, 5 Oktoba

Naandika kwa mkono wa kushoto, kidole cha kati cha kulia kimefungwa kijiti.

Clovis alikuja saa sita mchana. Hakubisha. Nilikuwa napiga msasa, Hobart ananisimamia. Clovis alikuwa anatoka jasho na baridi yote hii, anapiga chafya, macho kama ya mbuzi aliyeona kisu. Akasema, "Viko wapi?" Akaushika mkono wa baba yake, ule uliokufa, akaupindua nyuma ya kiti mpaka nikasikia bega linalia.

Hobart akacheka. Nasema kweli, alicheka. "Vuta, mwanangu. Huo haunisikii. Vuta mpaka ung'oke ukapike supu."

Clovis akasimama kidogo, akafikiri. Kisha akaushika ule mwingine.

Alipovunja kidole cha kwanza Hobart alinyamaza. Cha pili akalia sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, hata siku waliyomtoa chini ya mwamba mgodini. Mimi nilikuwa nimesimama tu na karatasi ya msasa mkononi, mjinga kabisa, kisha nikaiona tupa nikaichukua nikampiga nayo Clovis shingoni. Akageuka, akanisukuma kwenye jiko. Kidole changu kilivunjika nilipojaribu kujizuia. Alinitazama nilipoanguka, na katika macho yale sikumwona mtoto niliyemzaa.

"Juu ya kabati la sahani!" nikapiga kelele. "Viko juu ya kabati, chukua, nenda!"

Akavichukua, akaenda.

Askari wa kaunti alikuja, akaandika, akatazama kidole changu, akasema Clovis atatafutwa. Jioni tulipokuwa tunakula Hobart akaniambia, mdomo umejaa: "Kitako nataka kiwe kifupi zaidi. Nipige kwa mkono mmoja."

Jumapili, 7 Oktoba

Mchungaji amehubiri habari ya mwana mpotevu. Nilitoka kabla hajamchinja yule ndama.

Jumamosi, 20 Oktoba

Leo na kesho ni siku za kuwinda kwa magobori tu, na letu halijaisha. Tumekaa barazani tunasikiliza ya wenzetu yakilia milimani, mlio mzito, kisha ukimya mrefu wa mtu anayeshindilia tena. Hobart anahesabu kwa sauti nani ni nani. "Huyo Lonzo. Amekosa." Zamu nyingine ya magobori ni Desemba. Anasema Desemba itatosha.

Jumanne, 23 Oktoba

Lonzo amekuja, jirani yetu wa bonde la juu, mkubwa wa chama chao cha magobori. Kampindia Hobart chuma chenye pembe mbili, tumekifunga kwa skrubu kwenye mkono wa kiti chake. Mtutu unalala pale, kitako kinaingia kwapani kushoto, na vidole viwili vilivyobaki vizima vinafika kwenye kifyatulio.

"Kulungu watakucheka, kaka," Lonzo akamwambia. "Watadhani ni treni."

"Wacheke. Anayecheka husimama."

Jumamosi, 3 Novemba

Clovis amekuja akiwa mzima, hajalewa.

Nilimwona kutoka dirishani nikachukua kisu, lakini alibisha hodi. Ameoga. Alisimama kwenye mkeka akasema, "Mama, kidole chako kimepona?" Hobart alikuwa amelala chumbani. Nikamwambia akae, kwa kuwa sikujua la kumwambia lingine. Akaona kitako mezani, akaona nilivyokiharibu upande wa shavu, maana pale mbao ina mawimbi na patasi yangu ilikuwa inang'oa vinyama.

"Unachonga kinyume cha nyuzi," akasema. "Nipe."

Alikaa pale mpaka jua likazama. Sikuamini mikono ile. Haikutetemeka hata kidogo, ni mikono ya Hobart ya zamani, ile ile, hata namna ya kupuliza vumbi na kupapasa kwa upande wa kidole gumba. Alipomaliza, mbao ilikuwa laini kama shavu la mtoto. Nilimpa mkate wa mahindi na maziwa, akala polepole, akaniambia amepata mahali pa kumtibu, wanamwita Jumatatu. Nilimshika kichwa nikalia. Nimemzaa mimi, na uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Hobart aliamka wakati Clovis ameshaondoka. Akapitisha vidole vyake vilivyovunjika juu ya mbao, akarudia.

"Hii si kazi yako."

"Ni ya nani, basi?"



Jumapili, 4 Novemba

Vidonge havipo. Nilikuwa nimevihamishia kwenye kopo la unga.

Jumamosi, 10 Novemba

Mtutu unaning'inia bafuni upate kutu. Ndivyo wanavyoupa rangi ya kahawia: unaulisha kutu, unaisugua, unaulisha tena, mpaka kutu yenyewe iwe koti la kuzuia kutu nyingine. Nikamwambia Hobart ni kazi ya wendawazimu. Akasema hata yeye ndivyo alivyolelewa.

Najua alivyolelewa, na najua alivyolea. Mkanda wake ulikuwa unaning'inia nyuma ya mlango huu wa jikoni, na Clovis alikuwa akiutazama kila akiingia.

Jumamosi, 17 Novemba

Gobori limelia! Lonzo alikuja kulishuhudia nyuma ya ghala. Baruti chini, kitambaa chenye mafuta mdomoni, risasi juu ya kitambaa, nikaishindilia kwa mdeki, ule ufito wake mrefu, mpaka ikakaa. Kabla ya kuutoa mdeki Lonzo akanifanya niukate alama kwa kisu pale unapolingana na mdomo wa mtutu. Alama ikikaa pale pale, gobori limeshiba. Mdeki ukizama chini ya alama, limemeza kavu, yaani umeshindilia risasi bila baruti, na fataki, kile kikofia cha kuwashia baruti, italia peke yake kama chafya ya kuku.

Nikamwuliza hiyo kamba ya kiatu iliyo shingoni mwake, yenye risasi iliyotobolewa, ni ya nini. Hobart akacheka mpaka kiti kikatikisika.

"Mwambie, Lonzo! Mwambie mwenyewe!"

Kumbe ndiyo adhabu yao. Anayemeza kavu huvikwa kamba ile, akaivaa kanisani, sokoni, kitandani, mpaka mwingine akosee. Lonzo anayo tangu majira yaliyopita. Hobart hajapata kuivaa maishani mwake, na hakuacha kulisema hilo mpaka Lonzo alipopanda gari lake.

Jumamosi, 24 Novemba

Kwa Lonzo, kuchinja nguruwe. Risasi ya kwanza ilimpata chini ya jicho, akakimbia uwanja mzima na damu, akaangusha beseni la maji ya moto, akampitia mke wa Lonzo miguuni. Watu wakacheka na kupiga kelele. Lonzo akamkalia shingoni akamaliza kwa kisu, na damu ikamruka mpaka kwenye meno maana alikuwa bado anacheka. Nimechinja na kuchuna maisha yangu yote. Leo nilikwenda nyuma ya banda nikatapika.

Jumanne, 27 Novemba

Nimegundua jambo, na afadhali nisingeligundua.

Nilikuwa napiga deki jikoni. Hobart ameketi mahali pake pa siku hizi, pembeni mwa jokofu, gobori tupu liko kwenye pembe zake, analenga, anafyatua, analenga. Nikadhani anajizoeza. Nikapita mlangoni na ndoo, akasema, "Simama hapo hapo."

Nikasimama.

"Nyoosha mgongo. Clovis anakuzidi kichwa, sivyo?"

Alilisema hivyo tu, kama anauliza chumvi. Kisha akaniambia nikilegeze kidogo kile chuma cha kulengea, kimeshuka mno. Hapo nikaona yote kwa mpigo. Hakuna kulungu anayepigwa kutoka pembeni mwa jokofu. Kitako kile kifupi, zile pembe za chuma, haraka ile ya Desemba, vyote vilikuwa vinatazama mlango wa jikoni kwangu. Nami ndiye niliyevifunga, skrubu kwa skrubu.

"Hobart, ni mtoto wako."

"Ndiyo. Mimi ndiye niliyemleta duniani."

"Unasema nini?"

"Mara ile vilikuwa vidole. Mara hii itakuwa wewe. Nimemwona anavyokutazama ukiwa chini, Tressie. Mimi sina mkono wa kumzuia. Nina risasi moja."

Nimetumia maisha yangu kumwogopa Hobart akikasirika. Sikujua kuwa wa kuogopwa ni huyu aliyetulia.

Ijumaa, 7 Desemba

Kesho ni siku ya kwanza ya magobori. Anataka lishindiliwe leo. Wakati wa majira ya kuwinda ndivyo wafanyavyo: gobori likishiba halitolewi, linakaa na shibe yake siku zote, fataki tu ndiyo inayovuliwa na kuvikwa.

Nilitoka nalo barazani, nikamwambia humu ndani nitamwaga baruti jikoni. Baruti nilimwaga kweli, chini ya ngazi. Kisha nikaweka kitambaa, nikaweka risasi, nikashindilia. Mdeki ukazama chini ya alama.

"Alama imekaa?" akauliza kutoka ndani.

"Imekaa."

Akaniamini. Hakuomba hata kuona.

Jumamosi, 8 Desemba

Nimemsukuma mpaka nyuma ya ghala kabla ya kupambazuka vizuri, blanketi magotini, fataki mahali pake. Nilikuwa naomba kimoyomoyo: Bwana, usilete kulungu. Hobart akifyatua, atajua.

Bwana hakunisikia. Dume akatoka msituni, pembe kama kiti cha kubembea, akasimama karibu kiasi cha kumtupia jiwe, akageuza ubavu wote. Nikafumba macho. Nikangoja ile chafya ya kuku. Haikuja. Nilipofumbua, dume alikuwa anakula majani na Hobart anamtazama, vidole viko magotini.

"Mbona hupigi?" nikanong'ona.

"Huyo hajanikosea kitu."

Kama nilikuwa na shaka yoyote, iliisha pale. Njia nzima ya kurudi nilimsukuma nikimwambia moyoni: nimekuzuia, mzee, hutaibeba dhambi hii. Nilijiona mwerevu. Nilijiona nimewaokoa wawili.

Jumatano, 12 Desemba

Hospitali. Nitaandika yote, kisha sitaki kuyasoma tena.

Jumapili tulipotoka kanisani Hobart alikaa pembeni mwa jokofu. Maharage yalikuwa yanachemka. Clovis aliingia bila kubisha, na safari hii alikuwa na bomba la chuma mkononi. Mdomo umepasuka, kuna mtu alishampiga. Akasema kuna watu wanamngoja barabarani, asipotoka na kitu watamvunja miguu.

"Hakuna kitu," nikasema. "Baba yako hapewi tena vidonge, daktari amekataa kwa sababu yako."

"Muongo wewe." Akaja kwangu. Akaliinua lile bomba.

"Clovis," Hobart akasema. "Nitazame mimi."

Akamtazama. Akaliona gobori limelala kwenye pembe zake, limemalizika, linang'aa, na shavu lile alilolilainisha mwenyewe limeegemea kwapa la baba yake. Akacheka. "Hicho kidoli?"

Hobart akafyatua.

Fataki ililia. Kasauti kadogo. Moshi kidogo ukapanda, ukaisha, na maharage yakaendelea kuchemka. Mtu yeyote wa milima hii akifyatua gobori lisilie angelitazama, angelitikisa, angelitukana. Hobart hakulitazama. Alinitazama mimi.

"Tressie," akasema.

Hilo tu. Hakuwa amekasirika. Alikuwa kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta kufuli imebadilishwa.

"Umenipiga?" Clovis akasema. "Baba, umenipiga risasi? Ulitaka kuniua?" Alikuwa analia kama mtoto, kamasi na machozi. Akaangusha bomba, akaling'oa gobori kwenye pembe zake, akaushika mtutu kwa mikono miwili. Pigo la kwanza lilimpata Hobart begani likamtoa kitini. Akaanguka ubavu, akainua mkono wake mzima. Pigo la pili lilipita juu ya mkono likampata kichwani. La tatu ndilo lililovunja kitako, pale penye wembamba, nami nilisikia mlio na sikujua ni wa mbao au wa mfupa.

Nikachukua sufuria ya maharage nikammwagia yote kichwani na mgongoni. Alilia kama yule nguruwe. Akakimbia nje anajikwaruza, ngozi ya shingo inatoka na vidole vyake, na Lonzo, aliyekuwa anapita na gari, akamkamata barabarani akamkalia mpaka askari walipofika. Hao watu wa kumngoja sikuwaona.

Mimi nilikuwa sakafuni, katikati ya maharage, nimekishika kichwa cha mume wangu. Kilikuwa laini upande mmoja. Nilimwambia nilichofanya. Nilimwambia mara nyingi. Sijui kama alisikia.

Alhamisi, 13 Desemba

Hajaamka.

Ijumaa, 14 Desemba

Hobart amekufa leo mchana, mkono wake mzima ukiwa mkononi mwangu. Mvua inanyesha.

Jumatatu, 17 Desemba

Tumemzika.

Wote wa chama chake walikuja na magobori yao, na nguo za ngozi na kofia zao za manyoya, wanaume wazima wanalia kwenye ndevu. Wana desturi, kabla ya mizinga ya kumuaga mwenzao, kila mtu husema kosa moja la marehemu ili wacheke kidogo. Wa kwanza akasema Hobart alikuwa mbahili wa tumbaku. Wa pili akasema hakujua kuimba na hakujua kuwa hajui. Kisha akaja Lonzo. Akaivua ile kamba shingoni mwake.

"Maisha yake yote alinicheka kwa kamba hii," akasema. "Hakumeza kavu hata siku moja, na siku moja tu aliyomeza kavu..." Akaifuta ile risasi kwa kidole gumba. "Zamu yako, kaka. Ivae mpaka tuonane." Akainama juu ya jeneza akamvika.

Watu wakacheka na kulia kwa pamoja. Lilikuwa jambo la upendo, na nilijua ni la upendo. Nami nikamwona Hobart pale, amepakwa poda, amevikwa aibu ambayo hakuwahi kuivaa akiwa hai, na kila mtu wa bonde hili atalisimulia hivyo mpaka wajukuu: maskini Hobart, alisahau baruti.

"Mvue," nikasema.

"Bi Tressie, ni desturi tu, hatuna nia..."

"Mvue, Lonzo! Hakusahau kitu. Ni mimi niliyeshindilia. Baruti niliimwaga chini ya ngazi kwa makusudi, aliniuliza nikamwambia alama imekaa. Yeye alifanya yote sawasawa."

Mke wa Lonzo, aliyekuwa amenishika mkono, akauachia. Lonzo akamvua Hobart ile kamba, akabaki nayo, hajui aipeleke wapi, mwishowe akaitia mfukoni. Wakapiga mizinga yao. Nilikwenda nyumbani peke yangu.

Jumanne, 18 Desemba

Askari amekuja kuniuliza yale yale. Nimemjibu yale yale.

Ijumaa, 21 Desemba

Simu imelia nikiwa napiga deki. Bado kuna doa mbele ya jokofu, halitoki. Ilikuwa ni sauti ya Clovis kutoka jela, na nyuma yake watu wanapiga kelele.

"Mama, usikate. Wakili wangu ameniambia. Kumbe hukutia baruti."

"Sikutia."

Akalia muda mrefu. Nikamwacha alie.

"Ulinichagua mimi," akasema. "Maisha yangu yote nilijua umemchagua yeye. Kila alipouchukua mkanda, wewe ulikuwa unaosha vyombo. Hukugeuka hata mara moja, Mama. Kumbe siku moja uligeuka."

Niliketi kwenye kiti cha Hobart, hapakuwa na kingine karibu.

"Sikukuchagua," nikamwambia. "Niliwataka wote wawili."

"Lakini utawaambia ni yeye aliyeanza? Mahakamani? Wakili anasema neno lako ndilo litakaloniokoa."

"Nitawaambia. Ni yeye aliyeanza. Fataki niliisikia kwa masikio yangu."

"Asante, Mama. Mungu akubariki, Mama."

"Kisha nitawaambia ulikuja na bomba. Nitawaambia pigo la kwanza lilimwangusha. Nitawaambia alikuwa chini, ameinua mkono, ukapiga la pili."

"Mama..."

"Ukapiga na la tatu."

Nikamsikia anavyopumua. Mtu mmoja nyuma yake akamwambia amalize, kuna wenzake wanangoja.

"Mimi ni mwanao," akasema.

"Najua. Ungekuwa si mwanangu ningetia baruti, na leo baba yako angekuwa hapa anangoja chakula."

Simu ikakatika, sijui ni yeye aliyekata au ni muda wao uliokwisha. Nimekaa na mkono wa simu mapajani. Maharage nimeyapika ya watu watatu tena, sijui kuyapika ya mtu mmoja.